Hesabu paa kwanza: mwongozo kwa timu ya kanisa inayotoka Lubumbashi kwenda kusaidia kujenga shule Zambia

Mara ya kwanza tulipovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kujenga shule, tulikuwa watu 26 ndani ya basi moja. Tulifanya kazi majuma mawili katika kijiji kimoja cha mkoa wa Copperbelt. Tulipandisha kuta mpaka usawa wa madirisha, tukaimba, tukapiga picha mbele ya kuta zile, tukaagana kwa machozi. Mwezi wa pili simu ikalia. Mzee wa kanisa aliyekuwa ametupokea alisema ukuta wa upande inakotokea mvua umelala chini na wa pili umeanza kuinama, kwa sababu udongo ulioshika matofali umeyeyuka. Kisha akatuomba msamaha. Yeye aliyetulisha na kutuachia vyumba vya watoto wake alituomba msamaha kwa kukosa bati za kufunika kazi yetu.

Sauti yake sijaisahau. Nimerudi upande ule mara kadhaa tangu hapo, na haya ninayoandika nayaandikia makanisa yetu ya Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, ambako vijana, wamama na wababa wanatamani kutoka na kutumika nje ya nchi. Ukiyasoma ukiwa Bukavu na unafikiria Burundi, mengi yatakufaa pia, ila miezi ya mvua na karatasi za mpakani utazipanga upya.

Kabla ya yote: mnahitajika?

Chukua karatasi. Upande mmoja andika gharama za kuwapeleka watu wenu: nauli, pasipoti, vibali, chakula, malazi. Upande wa pili andika bei ya bati, mbao na misumari ya darasa moja. Upande wa kwanza ukiuzidi wa pili, tumeni bati na mbaki nyumbani. Nasema hivi nikijua kuna wachungaji ambao hawatafurahi, maana safari huamsha kanisa kuliko mchango wa bati. Lakini mtoto anayenyeshewa darasani hajui kama kanisa letu limeamka. Kipimo tunachotumia sisi ni hiki: kwa kila franga inayomsafirisha mtu, mbili ziingie kwenye jengo. Tusipofika hapo, tunapunguza watu.

Na safari ina faida ambayo pesa peke yake haina. Fundi wetu anayefanya kazi na fundi wao kwa majuma matatu anaacha ujuzi na anachukua ujuzi. Tena kazi hii ya kujitolea kujenga si kitu cha kuja kufundishwa na watu wa mbali. Millard Fuller, Mmarekani aliyeanzisha shirika la kujenga nyumba la Habitat for Humanity mwaka 1976, alilijaribu wazo lake katika nchi yetu: alifika Mbandaka kama mmisionari mwaka 1973, akajenga nyumba pamoja na wenyeji, familia zikitoa kazi ya mikono na kulipa gharama kidogo kidogo bila riba. Na kwetu Katanga, wako wazee wengi waliojifunza kusoma katika shule za misheni zilizoanzishwa na wageni. Mmisionari Frederick Arnot alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886 akitokea pwani ya Angola. Naona ni haki kabisa kwamba sasa na sisi tupakie miiko na nyundo tuvuke kwenda kwa jirani.

Tuma watu wawili wakaone

Nehemia alipofika Yerusalemu alizunguka kuta usiku na watu wachache, wala hakumwambia mtu lililo moyoni mwake mpaka ameona mwenyewe (Nehemia 2). Fanyeni hivyo. Miezi minne au mitano kabla ya safari tuma watu wawili, mmoja fundi mwashi mwenye uzoefu, mwingine mama au baba anayejua kusikiliza. Wasiahidi kitu. Wakifika wasalimie kwa heshima ya kule: ba tata kwa mwanaume mzima, ba mayo kwa mama, na neno mukwai lisiwatoke mdomoni. Wengi wetu Lubumbashi tuna Kibemba cha nyumbani, kwa hiyo hatuna kisingizio. Hata bukari yetu ni ubwali wao, jina limegeuka kidogo tu njiani.

Swali la kwanza watakalouliza liwe hili: nani atafundisha? Zambia ina shule nyingi za jumuiya, zilizoanzishwa na wazazi na makanisa mahali ambapo shule ya serikali iko mbali, na nyingi hutegemea walimu wa kujitolea ambao wazazi huwapa walichonacho. Serikali ya kule iliondoa ada katika shule zake mwaka 2022, na watoto wakajaa madarasani. Basi huenda kijiji kina darasa na hakina mwalimu, au kina mwalimu anayefundisha watoto mia moja chini ya mwembe. Ni hali mbili tofauti. Ya kwanza haiponywi na matofali yenu.

Wakimaliza hilo waulize maji yako umbali gani, maana zege na matofali hunywa maji mengi, na mama wa kijiji asije akabeba bidoni ishirini kwa siku kwa ajili ya kazi yenu. Waangalie barabara kama lori la mchanga litapita. Watafute vichuguu. Udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali zuri katika ukanda wetu wote huu, upande wetu na upande wao, na kijiji chenye vichuguu vikubwa karibu kina nusu ya ukuta tayari. Waulize pia mafundi wa pale ni akina nani, wanalipwa kiasi gani kwa siku, na nani kati yao wanakijiji wanamwamini.

Karatasi

Hapa timu nyingi huharakisha, halafu hulia mpakani.

Ardhi ndiyo ya kwanza. Vijijini Zambia ardhi nyingi iko chini ya machifu, na mkuu wa kijiji hawezi peke yake kuitoa ikawa ya shule milele. Ombeni barua iliyosainiwa na chifu inayosema eneo ni la shule, lina mipaka hii, na jina la mwenye shule ni hili. Msiweke hata jiwe kabla ya barua hiyo kuonekana kwa macho. Jina linaloandikwa lisiwe la kanisa la Lubumbashi, wala la mchungaji mwenyeji kama mtu binafsi. Liwe la shule au la kamati yake.

Pili, ofisi ya elimu ya wilaya. Wao ndio wanaoweza kuitambua shule, kupeleka mwalimu siku moja, na kutoa ramani ya darasa wanayoikubali. Ukijenga kwa ramani ya kichwani mwako unaweza kujenga darasa zuri ambalo wilaya haitalitambua.

Tatu, ninyi wenyewe. Nendeni kwenye konseli (ubalozi mdogo) ya Zambia hapa Lubumbashi mapema na mseme ukweli mzima: tunakwenda kufanya kazi ya kujitolea ya ujenzi kwa majuma matatu, hatulipwi. Ulizeni kibali gani kinahitajika kwa kazi hiyo, maana kushika mwiko ni tofauti na kumtembelea shangazi, hata kama hakuna mshahara. Tulishawahi kusema mpakani kwamba tunakwenda kwenye mkutano wa maombi, na ndani ya gari kulikuwa na toroli tatu. Afisa alitutazama, nikaona haya mbele za Mungu. Toka hapo hatusemi tena nusu ya ukweli.

Kila mtu awe na pasipoti na kadi ya manjano yenye chanjo ya homa ya manjano, maana anayetoka Kongo ataulizwa. Vijana walio chini ya miaka 18 wawe na ruhusa ya wazazi iliyosainiwa mbele ya ofisa wa serikali. Vifaa mnavyokusudia kurudi navyo, kama mashine ya kukatia vyuma au jenereta, viorodheshwe pamoja na namba zake, na forodha za pande zote mbili zigonge muhuri orodha hiyo wakati wa kwenda.

Hesabu, kuanzia juu

Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba huketi kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza (Luka 14). Sisi tulihesabu, ila tulihesabu kutoka chini: msingi, kuta, halafu "Bwana atafungua mlango". Siku hizi tunahesabu kutoka juu. Pesa za paa zikikamilika na kuwekwa kando, ndipo tunashuka kuuliza habari za kuta.

Chukua mfano wa darasa moja la mita 9 kwa 7. Paa lake la pande mbili, likitokeza nje ya kuta zaidi ya nusu mita kila upande, lina eneo la karibu mita za mraba 85. Kwa bati za urefu wa mita 2.4 zinazofunika upana wa sentimita 70 baada ya kupandana, utahitaji safu 15 kila upande, bati mbili kila safu: bati 60. Ongeza za kofia ya juu, pale pande mbili za paa zinapokutana. Kutokeza huko nje kusipunguzwe hata kama mtu anasema ni kuokoa bati mbili tatu. Ndiko kunakozuia mvua ya upepo isipige ukuta, na ukuta uliounganishwa kwa udongo hauna mlinzi mwingine.

Mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa, nunua zilizokauka. Mchwa wa kule ni wale wale wa kwetu, hula mbao mbichi kwa msimu mmoja, basi zipakwe dawa kabla ya kupanda juu, hasa vichwa vinavyokaa ndani ya ukuta.

Sasa kuta. Mzunguko ni mita 32, kimo mita 3, ni mita za mraba 96. Toa mlango mmoja na madirisha sita, toa karibu 13. Ongeza pembetatu mbili za juu zinazoshika paa, karibu 7. Unabaki na 90. Kwa tofali la kuchoma la sentimita 22 kwa 11 kwa 7, ukuta wa unene wa tofali zima (sentimita 22) unakula matofali kama 100 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni 9,000. Weka moja la kumi la kuvunjika, unakaribia 10,000, na msingi haujauhesabu. Ukipima matofali ya kijiji ukaona ni makubwa zaidi, hesabu itashuka, kwa hiyo watu wawili mliowatuma warudi na tofali moja mkononi.

Matofali haya yawe mchango wa wazazi. Ndiyo desturi ya vijiji vingi vya kule: wazazi huleta matofali, mchanga na mawe, na wanaosaidia huleta simenti na bati. Msiivunje desturi hiyo kwa huruma. Mwaka mmoja tulinunua matofali yote kwa pesa zetu tukidhani tunawapunguzia mzigo, na shule ile mpaka leo watu wa pale huiita shule ya Wakongo. Mlango wake ulipong'oka, walitungoja sisi.

Simenti iende mahali ambapo udongo haufai: zege la msingi, linta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha unaozunguka jengo lote, na sakafu. Sakafu ya mita za mraba 63 yenye unene wa sentimita 8 ni mita 5 za ujazo za zege, na ukitumia mifuko 6 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, ni mifuko 30. Linta ya mita 32 itataka mifuko kumi hivi. Msingi utategemea udongo, fundi aseme. Simenti na bati nunueni kule, Kitwe au Ndola, mkilipa kwa kwacha, risiti ikiandikwa jina la shule. Ndola kuna viwanda vya simenti, na mifuko mingi iliyojenga nyumba za Lubumbashi ilitoka upande huo. Kuivusha kwenda ikarudi tena ni kulipa ushuru bure.

Ikiwa pesa hazitoshi darasa zima pamoja na paa, jengeni kitu kidogo kinachokwisha. Choo cha mashimo mawili, kimoja cha wasichana na kingine cha wavulana, chenye paa na mlango unaofungwa, ni kazi ya heshima kubwa. Najua shule ambako wasichana wakubwa walikuwa wakirudi nyumbani saa nne kwa kukosa choo tu.

Mwezi wa nane

Nendeni Agosti. Mvua za ukanda wetu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kwisha Aprili, kwa hiyo Agosti kuna jua, baridi kali ya Juni na Julai imepungua, na joto la Oktoba bado. Mahindi yameshavunwa, wazazi wana nafasi, na mashamba mapya hayajaanza kuita. Watoto wa Zambia wanakuwa na likizo kati ya muhula wa pili na wa tatu, na walimu na wanafunzi wetu nao wako likizo mpaka Septemba. Wazazi wapewe taarifa mapema ili matofali yafyatuliwe na kuchomwa Mei mpaka Julai. Tofali linalotoka tanurini siku mnayofika ni dalili kwamba mmechelewa kuzungumza.

Kuchagua watu

Kumi na wawili wanatosha. Mafundi waashi wawili, seremala mmoja anayejua kenchi, mtu mmoja wa afya, mtunza pesa, na wengine ni nguvu za kubeba, kuchanganya na kuchota. Wawepo wamama na wawepo wababa. Wote wawe wamekubali mbele ya kanisa kwamba fundi mkuu wa kazi atakuwa mwenyeji na watamtii.

Hilo la mwisho ndilo linalochuja. Tuna ndugu wenye karama kubwa ambao hawawezi kuambiwa na mtu wa kijiji "bomoa, umepinda". Wabaki wakituombea.

Mafundi wa pale walipwe ujira wao wa kila siku. Mtu akija kujitolea katika kijiji cha mwenzake asimnyang'anye mkate. Wanaojitolea ni sisi. Fundi wa pale ana watoto wanaokula jioni ile ile. Na chakula chetu tununue wenyewe, tuwape wamama wanaopika pesa ya unga, mboga, kapenta na makala ya kupikia tangu siku ya kwanza. Paulo alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu kule Thesalonike, na wenyeji wetu ni watu wa kuchinja kuku wa mwisho bila kusema.

Njiani

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni chini ya kilomita mia moja, lakini malori yanaweza kuifanya safari ya siku nzima, basi ondokeni alfajiri. Dereva akumbuke kwamba ukishavuka unaendesha kushoto. Saa haibadiliki. Pesa badilisheni kwenye ofisi yenye risiti, mtunza pesa akiwa na shahidi. Jina la kijiji na simu ya mwenyeji viandikwe kwenye karatasi ya kila mtu, kwa kuwa siku moja tulimpoteza kijana wetu Chililabombwe kwa saa tano, na kila kitu chake kilikuwa kwenye simu iliyozimika.

Kwenye kazi

Siku ya kwanza msishike tofali. Kaeni na kamati ya shule, chifu au mtu wake, na fundi mkuu. Someni barua ya ardhi kwa sauti. Mkubaliane nani anatunza ufunguo wa stoo ya simenti. Awe mwenyeji, na awepo mwingine wa kuandika kila mfuko unaotoka. Simenti ndiyo huleta maneno mabaya kati ya ndugu, na daftari huyazuia.

Kisha pima pembe. Kwa kamba, pima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili iwe mita 5 kamili. Isipokuwa 5, kona haijanyooka, na kosa la kidole kimoja chini ni kosa la mkono mzima kwenye paa. Rudieni kona zote nne, halafu pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Urefu wa mishazari miwili ulingane.

Matofali ya kuchoma yaloweshwe kabla ya kuwekwa. Tofali kavu linanyonya maji ya udongo wa kujengea na kiungo kinabaki vumbi. Hii ni kazi nzuri kwa vijana wasio mafundi, na ni ya muhimu kuliko wanavyodhani. Viungo viwe vyembamba, kama kidole. Kila safu tatu, pimeni wima kwa timazi na usawa kwa pima maji. Msipandishe zaidi ya mita moja na nusu kwa siku moja kwenye sehemu ile ile, uacheni ukuta ushike.

Mahali ambapo pengine hamtapafikiria ni hapa: tieni waya mnene au nondo nyembamba ndani ya ukuta mkiwa bado safu tano au sita chini ya mwisho, ncha zikining'inia juu, ili baadaye zifunge mbao za paa. Mvua za kwanza huja na upepo wa ghafla, na upepo huo huingia madirishani na kulinyanyua paa kutoka ndani. Paa lililopigiliwa juu ya ukuta tu huondoka na safu zake mbili za juu. Paa lililofungwa chini kwenye uzito wa ukuta hukaa. Mkisahau waya siku ile, hakuna njia nzuri ya kuuweka baadaye.

Zege la linta na la sakafu lifunikwe na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Hesabu siku hizo katika ratiba yenu. Timu zinazomwaga sakafu siku moja kabla ya kuondoka huacha sakafu ya vumbi. Katika majuma matatu, msingi na kuta zichukue siku kumi, linta ifungwe kufikia siku ya kumi na mbili, na paa lianze linta ikishapata juma lake. Sakafu iingie wakati mnangojea. Ikiwa kazi inachelewa, acheni sakafu, acheni lipu, acheni rangi. Paa halichelewi.

Glavu kwa wanaoshika simenti, kwa sababu inababua ngozi. Miwani kwa anayekata. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kila mtu alale ndani ya chandarua, na mtu wa afya aulize siku ya kwanza kliniki iko wapi na nani ana gari usiku.

Watoto watakuja. Watataka kubeba matofali, na furaha yao itawavunja moyo mkiwazuia, lakini waondoeni chini ya jukwaa na mbali na shimo la chokaa. Hakuna mtu wa timu anayekaa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, hata mchungaji. Picha za watoto ni kwa ruhusa ya mzazi, na mtoto asipigwe picha akiwa amechanika nguo ili watu wa nyumbani wachange. Yule ni mtoto wa mtu anayetupikia.

Ibada ya asubuhi ni yetu na ya yeyote anayependa kuja. Robo saa inatosha, kisha kazi. Msiifanye sharti la kufanya kazi wala la mtoto kuandikishwa. Katika vijiji vile kuna Wakatoliki, kuna watu wa makanisa mengi, kuna Mashahidi wa Yehova wengi ambao hawataimba nasi, na watoto wao wote watakaa chini ya bati hizo hizo. Katika Nehemia sura ya 3 wengi walijenga mbele ya nyumba zao. Nimeona baba asiyesali popote akichimba msingi kwa bidii iliyotuaibisha, kwa sababu nyumba yake ilitazamana na shule.

Mkiondoka

Siku mbili kabla ya kuondoka tembeeni jengo lote na fundi mkuu na kamati, mwandike yaliyobaki: lipu, vioo, madawati, ubao. Kila kitu kiwe na jina la anayekishughulikia na mahali pesa zake zilipo. Kama hakuna pesa, andikeni hivyo hivyo, hakuna pesa. Ahadi ya mdomo inayotolewa wakati wa nyimbo za kuagana ni mzigo mnaomwachia mwenyeji, kwa kuwa ataisimulia kijiji kizima na nyinyi mtakuwa Lubumbashi.

Miiko, timazi, pima maji na toroli mbili ziacheni. Orodha ya forodha isiwe na vitu hivyo tangu mwanzo. Ufunguo wa darasa mkabidhi mwenyekiti wa kamati mbele ya wazazi, na msibandike jina la kanisa ukutani. Mkitaka kuandika kitu, andikeni jina la shule na mwaka.

Mkifika nyumbani, toeni hesabu yote Jumapili ya kwanza, risiti zikiwa mezani, na nakala yake itumwe kwa kamati ya kule kwa siku hiyo hiyo, ili wasome namba zile zile tulizosoma sisi.

Halafu ngojeni Novemba. Mvua kubwa ya kwanza yenye upepo ikishapita, pigeni simu siku ya pili yake. Mwulize ba tata mambo matatu: paa limekaa, maji yanakimbilia wapi yakidondoka kwenye bati, na ukuta wa upande inakotokea mvua umelowa mpaka safu ya ngapi. Andika jibu, na umsomee fundi wenu.